Chupa Saba za Pito

Fransiska hakuwa mtu wa hasira. Hilo lisemwe mapema, maana wanaomfahamu leo hudhani alizaliwa amekunja uso. Alizaliwa kijijini Kaengesa, mtoto wa nne wa mkulima wa mahindi na ulezi aliyekuwa pia mpiga kengele wa kanisa, na masista waliomfundisha waliandika kwenye ripoti ya shule kuwa ni binti mpole, msikivu, mwenye mwandiko mzuri. Mwandiko ule mzuri ndio uliokuja kumponza.

Alisoma, akapelekwa chuo cha maji Dar es Salaam, akarudi na cheti cha fundi sanifu wa maabara, na mwaka 1981 akaajiriwa katika ofisi moja ya maji mjini Sumbawanga. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye masinki mawili, moja likivuja tangu siku ya uzinduzi. Kazi ilikuwa kupima chumvi, kupima klorini, kutazama kama maji yana vijidudu vya kuharisha, na kuandika majibu. Alipanga nyumba mtaa wa Katandala, akaolewa, akafiwa na mume mapema, hakuolewa tena. Akiulizwa alisema kazi inamtosha, na hakuwa anatania.

Kisha wakaja wafadhili na mradi wa visima, na pamoja na pampu zao wakaleta sanduku. Lilikuwa na ukubwa wa redio ya mbao, na ndani yake mlikuwa na vijiti vitatu vyembamba, nyaya, kalamu ndogo ya wino na roli ya karatasi. Unatumbukiza vijiti kwenye maji, unafungulia umeme mdogo, unasubiri dakika kumi. Kama maji yana madini mazito, risasi kwa mfano, madini hayo hujikusanya kwenye kijiti kimoja kidogo kidogo, kama ugali unavyoshika kwenye mwiko. Kisha unageuza umeme, madini yanabanduka, na yanapobanduka kalamu inachora kilima kwenye karatasi. Maji mazuri huchora mstari ulionyooka. Maji yenye sumu huchora kilima, na kadiri sumu ilivyo nyingi ndivyo kilima kinavyopanda.

Fransiska alilipenda sanduku lile tangu siku ya kwanza. Risasi ndani ya maji haina rangi wala harufu, na haina ladha ya kumwonya mtu. Mama anaweza kumnywesha mwanawe mwaka mzima asijue. Vijiti vile vilikuwa na uwezo wa kusema kitu ambacho jicho na ulimi haviwezi, na yeye ndiye aliyefundishwa kuvisikiliza.

Mafunzo yalikuwa ya wiki mbili. Mzee Felisian, mkuu wa ofisi, alihudhuria siku ya kufungua na siku ya kufunga, na siku zote mbili alipigwa picha ameshika sanduku. Siku za katikati alikuwa na shughuli. Kwa hiyo mradi ulipokwisha na wafadhili wakapanda ndege, aliyebaki akijua kulitumia sanduku alikuwa mtu mmoja tu. Fransiska alivisugua vijiti mwenyewe kwa unga laini. Maji safi ya kuvisuuzia yalipokosekana aliyakeneka nyumbani kwa sufuria, mrija na jiko la mkaa. Umeme wa mji ulipokatika aliliunganisha sanduku na betri ya gari, kazi ikaendelea.

Halafu likaja soko huria. Ofisini waliambiwa kuwa serikali haiwezi tena kumbeba kila mtu, na orodha za kupunguzwa kazi zikaanza kuandikwa. Barabarani yakaja magari yaliyochakazwa na watu wengine ng'ambo, na kila moja lilikuja na betri iliyo mbioni kufa. Redio zilikula betri, vibanda vya video vilikula betri. Betri iliyokufa ina risasi ndani, na Eustaki aliliona hilo kabla ya wenzake.

Eustaki alikuwa karani wa duka la ushirika. Duka lilipofungwa akageuka mwekezaji, hivyo tu, kwa kubadilisha koti. Mwaka 1995 alikodi kiwanja kijiji cha Pito, nje kidogo ya mji, juu ya kijito, akajenga banda la mabati na tanuri. Vibarua wake walipasua betri kwa shoka, wakamwaga asidi chini, wakaziosha sahani za risasi kijitoni, wakaziyeyusha kwenye mapipa yaliyokatwa nusu na kumimina uji wake kwenye kalibu. Kilichotoka ni chubwi, yale madonge mazito ya kuzamishia nyavu, na wavuvi wa ziwa Rukwa na wa ziwa Tanganyika waliyanunua kabla hayajapoa vizuri.

Wazee wa Pito walifurahi. Wafipa wamefua chuma tangu enzi za mababu, na matanuri yao ya udongo yaliyobomoka bado yapo huko maporini. Walipouona moshi walisema kazi ya wazee imerudi. Nani angelishuku tanuri katika Ufipa? Eustaki alilijua hilo na akalitumia bila haya. Siku ya kufungua aliwaletea wazee pombe ya ulezi na kuwaita wahunzi wenzake, mtu ambaye hajawahi kushika nyundo isipokuwa ya kupigilia kalenda ukutani.

Chini ya banda lile, mwendo wa robo saa kwa mguu, alikaa Mayunga na mkewe Hellena, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga miaka ya themanini. Walikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, na Shija aliyewafuata, wote wamezaliwa kabla ya banda, wote wazima. Mayunga aliuza maziwa Katandala kwa baiskeli na Fransiska alikuwa mteja wake. Asubuhi walitaniana. Fransiska alisema maziwa ya Mayunga yana maji mengi kuliko kisima cha mradi, na Mayunga akamjibu kuwa Mfipa atajuaje maziwa, yeye aendelee na ulezi wake.

Mwaka 1997 utani ukakauka. Ng'ombe wanne wa Mayunga walipofuka mmoja baada ya mwingine. Walizunguka mahali pamoja, wakasaga meno, wakagandamiza vichwa kwenye miti mpaka wakaanguka. Bwana mifugo alisema labda ni kupe. Kisha asubuhi moja, akiwa ameinamia debe la maziwa ili asimtazame machoni, Mayunga akamwambia Fransiska jambo ambalo mwanamume hamwambii mwanamke barabarani. Mimba ya Hellena ilikuwa imetoka, ya miezi mitano. Alitaka kujua kama lile sanduku la ofisini linaweza kuyapima maji ya kijito.

Fransiska alipeleka ombi siku hiyo hiyo. Mzee Felisian akasema gari halina mafuta. Basi Fransiska angeweza kwenda kwa baiskeli, angeweza hata kutembea, mtu aliyekulia Kaengesa akienda shule kwa miguu. Hakwenda. Sababu yake aliijua wakati ule ule, na ilikuja kumsuta baadaye: ilikuwa wiki ya orodha. Majina ya watu wa kupunguzwa yalikuwa yanaandikwa, na hakuna mtumishi aliyethubutu kuacha meza yake. Hata chooni walikwenda mbio ili kiti kisionekane kitupu.

Akatayarisha chupa saba za plastiki, moja kwa kila asubuhi ya wiki, maana tanuri haliwaki kila siku. Katika kila chupa alitia matone machache ya asidi kali. Ndivyo kazi inavyotaka: bila asidi, risasi hunata kwenye kuta za chupa na vijiti haviipati. Akampa Mayunga, akamwambia kuwa mkewe ateke kijitoni kila asubuhi, na kwamba ndani mna dawa. Mengine yote hakuyasema. Usioshe, usimwage, usichuje, hayo kwa mtu wa maabara ni mambo yanayojulikana, na hakufikiri kuwa hayajulikani kwingine.

Chupa zilirudi baada ya wiki zikiwa kwenye kikapu, zinang'aa, zimefunikwa kitambaa cheupe. Fransiska alizipima zote saba. Kalamu ikanyoosha mstari. Akarudia, ikanyoosha tena. Kitu kilimkwaruza moyoni, kwa sababu kijito cha Pito huwa na rangi ya chai na maji haya yalikuwa meupe kabisa. Lakini orodha ilikuwa bado mezani kwa Mzee Felisian, na Mzee Felisian alikuwa amesimama mlangoni akidai majibu. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri kuwa maji hayana risasi inayozidi kiwango na yanafaa kwa binadamu na mifugo. Akatia sahihi. Muhuri ulipigwa hata wino wa sahihi haujakauka.

Eustaki alipata nakala kabla ya Mayunga. Aliitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika kwenye mlango wa banda, na kibali chake cha kazi, kilichokuwa kimening'inia kwa sababu ya maneno ya majirani, kikapita siku hiyo. Majirani walikuwa wamemshauri Hellena ahamie kisima cha mbali, mwendo wa saa nzima na ndoo kichwani, naye alikuwa ameshakubali. Karatasi ilipotoka akabaki na kijito. Serikali imepima, ajitese kwa lipi?

Mwezi wa Mei mwaka uliofuata mimba nyingine ikatoka, ya miezi sita, mtoto wa kike aliyekwisha kuumbika vidole. Mayunga akaacha kupeleka maziwa kwa Fransiska. Alipita mbele ya mlango wake bila kugusa kengele ya baiskeli.

Fransiska alikwenda Pito Jumapili baada ya misa, kwa miguu, amebeba kilo mbili za sukari za kumpa Hellena pole. Hakuogopa lolote, aliamini maji hayana kosa na alikuwa akiwaza labda ni malaria. Hellena alimpokea kama mgeni anavyopokewa. Alimpa kigoda, akamsikiliza pole yake ameinamisha macho, kisha akaingia ndani kumletea maji ya kunywa. Kupitia mlango uliokuwa wazi Fransiska alimwona akichota kwenye mtungi wa udongo, akikunja kitambaa cheupe mara mbili juu ya kikombe, akichuja taratibu. Kitambaa kile alikitambua, kwa sababu ndicho kilichofunika chupa.

"Mama Kulwa," akamwita, na sauti ilimtoka nyembamba. "Zile chupa saba ulizijazaje?"

Hellena alieleza bila wasiwasi, tena kwa fahari kidogo. Chupa zilifika zikiwa na dawa inayochoma pua, na chombo cha mtu hakirudishwi bila kuoshwa, kwa hiyo alizisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka harufu ikaisha. Maji aliyateka kijitoni kila asubuhi, kama alivyoagizwa. Akayamimina kwenye mtungi yatulie mpaka jioni, akayachuja mara mbili, ndipo akajaza. Hakuna siku aliyoruka.

"Ofisi imetuma chupa kuja kuomba maji, dada," akasema. "Ningewapa matope?"

Fransiska aliona mambo yote yakipangana. Majivu yameondoa asidi, udongo wa mtungi umeishika risasi, kitambaa kimechuja masalia, na sanduku likaletewa maji ya heshima. Akashika uzi wa mwisho wa matumaini akauliza kama basi na wao wenyewe, yeye na watoto, wanakunywa hayo ya mtungini.

Hellena akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Mtungi ni wa wageni, dada. Sisi si wageni hapa. Sisi tunakunywa ya ndooni."

Hasira ilimpanda Fransiska mpaka masikio yakaziba, na hakujua aiweke wapi. Hellena hakuwa na kosa. Alifanya alichofundishwa na mama yake na bibi yake, akakifanya vizuri, kwa wiki nzima, akiwa bado anaumwa na tumbo lililopoteza mtoto. Kosa lilikuwa la aliyekaa mezani akilinda kiti wakati maji yanatekwa. Angekuja asubuhi moja tu, angeuona mtungi. Aliondoka bila kunywa kile kikombe, jambo la aibu katika nyumba yoyote, akateremka kijitoni na viatu vyake vya kanisani, akajaza chupa yake ya soda maji yenye rangi ya chai.

Jumatatu aliyatia asidi, akayaacha yatulie, akatumbukiza vijiti. Kalamu ilipanda. Ilipanda mpaka ikafika ukingoni mwa karatasi na kuendelea kuchora kwenye chuma cha sanduku.

Aliichukua karatasi mbichi hivyo hivyo mpaka kwa Mzee Felisian. Mzee aliitazama kwa muda wa mtu anayetazama saa, akasema jalada la Pito limefungwa. Fransiska akasema lifunguliwe. Mzee akamkumbusha, kwa upole unaoudhi kuliko tusi, kwamba mwekezaji ameajiri watu kumi na wawili, kwamba nchi imefungua milango, na kwamba orodha ya pili ya punguzo inakuja mwezi wa Julai. Kisha akasema lile alilokuwa akisubiri kulisema tangu mwanzo.

"Sahihi ni yako, Fransiska. Ukisema karatasi ile ni ya uongo, umesema wewe ni mwongo."

Alirudi maabara, akafunga mlango, akapiga meza kwa ngumi mpaka chupa zikaruka. Mpole wa masista aliishia hapo. Halafu akakaa, akaandika barua kwa mwandiko wake mzuri kuwa ripoti aliyotia sahihi haikuwa ya kweli, kwamba hakwenda kuteka maji mwenyewe, na kwamba anaifuta. Nakala moja aliipeleka kata, nyingine wilayani, ya tatu akaiweka mezani kwa Mzee Felisian akiwa amesimama palepale ili aone inasomwa.

Mkutano uliitishwa Pito. Meza ya wakubwa ilitandikwa kitambaa kilichofumwa, kila mkubwa na soda yake. Eustaki alikuja na fremu yake ya kioo, ameikumbatia kifuani. Mzee Felisian aliongea kwanza na aliongea kwa muda mrefu, kuhusu utaalamu na subira na kutowatisha wawekezaji. Watu walikuwa wameanza kupiga miayo Hellena alipopita katikati yao.

Alibeba chupa moja. Ilikuwa na matope mpaka shingoni, nyasi zimeganda pembeni, maji yake yamechafuka na kitu kinaelea ndani. Aliisimamisha juu ya kitambaa cha meza, mbele ya soda ya Mzee Felisian, na doa la udongo likaanza kusambaa kwenye maua ya ufumaji. Wanawake wa Pito waliguna. Hakuna aliyewahi kuona mwanamke mwenye nyumba yake akiwapa wageni kitu kama kile.

"Leo sikuwaheshimu, wazee wangu," Hellena akasema. "Mara ya kwanza niliwaheshimu, nikamzika mtoto. Leo nimeleta tunayokunywa."

Fransiska alifungua sanduku. Ilihitajika betri ya gari na haikupatikana nyingine ila ya pikapu ya Eustaki mwenyewe, na mwenyekiti wa mkutano akaamuru ifunguliwe. Watu walisogea, wazee mbele. Kalamu ikapanda kilima mbele ya macho yao, na mzee mmoja aliyekunywa pombe ya Eustaki siku ya ufunguzi akauliza hiyo maana yake nini. Fransiska alijibu kwa sauti ambayo hakujua anayo.

"Maana yake ni risasi. Na karatasi ile kwenye fremu niliiandika mimi, ni ya uongo. Sikuja kuteka mwenyewe, nilikuwa nalinda kiti changu."

Eustaki alisema mashine ni ya wafadhili waliokwishaondoka, imezeeka, inachora inavyotaka. Hakuna aliyemsikiliza. Kibali chake kilisimama juu ya karatasi ile moja, na mwenye karatasi alikuwa ameivuta. Banda lilifungwa mwezi wa Agosti. Eustaki hakushitakiwa, hakulipa ng'ombe hata mmoja, hakuomba hata radhi. Alifungua duka la vipuri mjini, na watu wanampa shikamoo.

Aliyeadhibiwa alikuwa Fransiska. Barua yake ya punguzo ilikuja Septemba na ilieleza sababu kwa ufasaha: mtumishi amekiri mwenyewe uzembe kazini. Walinukuu maneno yake neno kwa neno. Wengine wote waliokwenda chooni mbio wiki ile walibaki, na Mzee Felisian, aliyepiga muhuri, alibaki na muhuri wake. Sanduku lilifungiwa stoo kwa kuwa hakukuwa na wa kulitumia. Fransiska akaanza kuuza unga wa ulezi sokoni, na watani wa Katandala wakasema huyu kamwaga unga kisha kaenda kuuzoa. Alicheka nao, lakini meno yalikuwa yamebana.

Kabla hajakabidhi funguo alikuwa amefanya jambo moja. Alitayarisha chupa nyingine saba zenye matone ya asidi, akazipeleka Pito, na safari hii alisema kila neno. Usioshe. Usimwage. Usichuje. Subiri mvua za masika zikioshe kijito, kisha jaza moja kila asubuhi, wiki nzima, uniletee.

Hellena alizileta mwezi wa Mei mwaka 1999. Alifika Katandala kwa miguu, kikapu kichwani, na kabla hajakitua Fransiska aliona tumbo, la miezi minne hivi. Chupa zilikuwa chafu kama alivyoagiza, kila moja imefungwa ikafungika, imeandikwa siku yake kwa mkaa. Hakuna kosa hata moja. Fundi wa chuo asingefanya vizuri zaidi.

"Nimefanya kama ulivyosema, dada," Hellena akasema. "Kisima cha mbali mgongo umeanza kukikataa. Nipimie nijue. Ninywe au nisinywe?"

Fransiska alizitazama chupa zile saba zilizotekwa sawasawa na hakuwa na kitu cha kuzipimia. Ndipo hasira ya mwaka mzima ilipomrudia, na safari hii alijua pa kuipeleka. Alifunga meza ya unga, akashika mpini mmoja wa kikapu, Hellena akashika wa pili, wakaenda mpaka ofisini, wakapita mapokezi bila kusimama.

Walimpa Mzee Felisian shikamoo yake, akaitikia marahaba. Fransiska akazipanga chupa zote saba juu ya majalada yake, matope kwa matope, akaomba sanduku. Mzee akasema utaratibu hauruhusu. Mali ya ofisi hutumiwa na mtumishi wa ofisi, na yeye si mtumishi.

"Sawa," Fransiska akasema. "Basi pima wewe, Mzee."

Alivuta kiti, akaketi. Mzee Felisian alizitazama chupa, akautazama mlango. Miaka yote aliyoiongoza ofisi ile hakuwahi kuvilowanisha vijiti vile hata mara moja, na wote watatu walilijua hilo. Hellena alikuwa amesimama, mkono mmoja kiunoni kama wasimamavyo wajawazito, na akamwuliza kwa adabu zote za kwao.

"Baba, mimi ninywe au nisinywe?"

Ufunguo wa stoo uliletwa. Fransiska alifuta vumbi kwa pindo la kitenge chake, akavisugua vijiti, akaunganisha betri. Ilimchukua mpaka saa tisa. Mara saba kalamu ilichora, na mara saba ilichora kilima, chini ya kile cha mwaka uliopita, kisichotoka nje ya karatasi, lakini kimevuka mstari wa kiwango katika kila chupa. Banda lilikuwa limefungwa, ila udongo uliomwagiwa asidi na risasi kwa miaka mitatu ulikuwa palepale juu ya kijito, na kila mvua ilishusha sehemu yake.

"Usinywe," alimwambia Hellena. "Wala watoto. Mayunga awabebee maji kwa baiskeli kutoka kisima cha mbali."

Hellena aliitikia kwa kichwa. Hakulia. Aliuliza tu kama na wenzake waambiwe, maana nyumba za kwenye kijito kile zilikuwa karibu arobaini, na kati yao kulikuwa na wajawazito wengine wawili. Fransiska akavuta karatasi ya ofisi, akaandika majibu ya chupa saba, siku kwa siku, na chini yake akaandika kuwa maji ya kijito cha Pito hayafai kwa binadamu wala mifugo, na udongo wa banda uchimbuliwe uondolewe. Aliandika kwa mwandiko wake mzuri, bila haraka. Kisha akaisukuma mbele ya Mzee Felisian.

Mzee alisema karatasi bila sahihi ya mtumishi haina nguvu.

"Najua," Fransiska akasema. "Yangu mliifuta kazi. Weka yako."

Hellena aliketi sakafuni mlangoni, akanyoosha miguu, akaegemea fremu, na kwa namna alivyokaa hakuna ambaye angeweza kutoka bila kumruka. Mzee Felisian akaanza kuitafuta kalamu yake. Aliitafuta chini ya majalada, akaitafuta kwenye droo, akainama kuitafuta chini ya meza, na muda wote huo ilikuwa mfukoni mwa shati lake, na wanawake wawili wakiitazama.